Mahari ya Adui



Wengi mnanijua kwa nguo, maana magauni ninayoshona hapa Bariadi yanavuka maji mpaka Wete na Unguja. Leo naweka mkasi chini kidogo. Juzi alikuja biharusi mtarajiwa, Msukuma Mwislamu, kupimwa gauni la nikaha. Nikiwa na futi mkononi akaniambia: "Dada, punguza hesabu ya sare. Baba mkubwa na watu wake hawatakuja." Wazee wamegombana kwa ajili ya ng'ombe wa mahari ya dada yake. Nikamuuliza kama kuna aliyekwenda kumwomba. Akanijibu: "Akitaka amani aje yeye. Sisi ndio wenye haki."

Nilinyamaza, nikaendelea kupima kiuno. Maneno yale nayajua, nimekua nayo Pemba.

Dada yangu aliolewa 1999, mimi mtoto mdogo. Ami, ndugu wa baba kwa baba na mama, nyumba yake inatazamana na yetu, na hakuja. Yeye chama chake, baba chama chake. Baada ya uchaguzi wa 1995 ndivyo tulivyoishi: watu walisusiana madukani, kwenye gari za abiria, kwenye harusi, hata maziko. Mama alimpelekea sinia la biriani, likarudi na kawa lake juu, halijafunuliwa. Kisha ikaja tarehe 27 Januari 2001. Maandamano yalipigwa risasi Pemba na Unguja, watu wasiopungua 30 wakafa, na zaidi ya 2,000 wakapanda mashua kukimbilia Shimoni, Kenya.

Mwaka ule ustadhi wetu wa chuoni alitusomesha Hudaybiyya. Sisi watoto tulitaka Badr, tulitaka panga na farasi. Yeye akasema vita ina ruhusa na ina mipaka: al-Baqara aya ya 190 inaruhusu kupigana na anayekupiga, na papo hapo inakataza kupindukia. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto. Na al-Anfal aya ya 61 inaamrisha kwamba adui akielekea kwenye amani, nawe uelekee. Basi, akasema, njooni muone amani inauzwa bei gani.

Ilikuwa mwaka wa 6 Hijria. Waislamu kama 1,400 walitoka Madina na wanyama wao wa kuchinja, nia yao umra. Makureshi wakawazuia Hudaybiyya, karibu kabisa na Makka. Akaja Suhayl bin Amr kuandika mkataba. Akakataa lisiandikwe jina la Rahmani. Akakataa lisiandikwe "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Liandikwe Muhammad bin Abdillah tu. Mtume akakubali yote mawili. Sharti nyingine: mwaka huu warudi bila umra, waje mwaka ujao kwa siku tatu, vita isimame miaka kumi, na anayekimbia Makka bila idhini ya walii wake arudishwe, lakini anayekimbia Madina asirudishwe. Sayyidna Umar (r.a.) ilimchoma. Kwani sisi si ndio wenye haki? Naam, swali lile lile la biharusi wangu.

Walipoambiwa wachinje na kunyoa, hakuinuka mtu. Mara tatu. Mtume akaingia hemani kwa Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Akamshauri: toka, usiseme na yeyote, chinja mnyama wako na umwite kinyozi wako. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka wakamfuata. Tunaposema mwanamke hana lake kwenye mambo ya vita na sulhu, tumkumbuke huyu. Hakutoa hotuba. Alijua watu waliovunjika moyo hawasikii maneno, wanafuata wanachokiona.

Lakini kinachonishika mimi, mshona magauni ya nikaha, ni kilichofuata. Wanawake walianza kuhama Makka. Ummu Kulthum bint Uqba alifika Madina, na ndugu zake wakaja kumdai. Hakurudishwa. Ikashuka al-Mumtahana aya ya 10: waumini wa kike waliohama wasirejeshwe kwa makafiri. Ila waume walioachwa kule walipwe mahari waliyotoa. Dada zangu, someni tena. Mume yule ni mshirikina, watu wake wamewafukuza Waislamu majumbani mwao, na bado mahari yake ni haki yake. Sisi tunazuiliana ng'ombe ndugu kwa ndugu.

Simfananishi mtu na Makureshi. Visiwani waliogombana walikuwa Waislamu wote. Lakini nilikumbuka somo lile tarehe 5 Novemba 2009, Maalim Seif Sharif Hamad alipokwenda Ikulu ya Zanzibar kuonana na Rais Amani Abeid Karume. Tangu 2005 CUF ilikuwa haimtambui Karume. Siku chache baadaye ikatangaza kumtambua. Neno moja tu, na wapo wafuasi waliolia kwamba wameuzwa. Tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikapita kwa asilimia 66.4. Uchaguzi wa Oktoba Dk. Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim 49.1. Miaka ya nyuma tofauti kama hiyo ingetupandisha mashua. Safari hii Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Mimi niliolewa 2011. Ami alikaa mkekani bega kwa bega na baba, na biriani alikula mpaka akalegeza mkanda.

Haikudumu, najua. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa na watu wakarudi kununiana. Hata Hudaybiyya iliandikwa miaka kumi na haikufika miwili, washirika wa Makureshi walipowashambulia Khuzaa. Sioni kwamba hilo linaifanya sulhu kuwa ujinga. Ndani ya miaka ile michache watu waliolewa, walizikana, walirudishiana salamu.

Biharusi wangu alirudi jana kujaribu gauni. Nilimhadithia ya Ummu Salama huku nikimkunjia pindo, hakusema kitu. Alipofika mlangoni aliniuliza kama mama yake anaweza kwenda yeye kwa baba mkubwa, bila wanaume. Nikamwambia aende na sinia. Sare za upande ule sijazikata, lakini kitambaa nimekiweka kando.