Karolos Koun: Mwongozaji Aliyewashusha Wakale

Karolos Koun alizaliwa Bursa mwaka 1908, mji ukiwa bado chini ya Dola ya Uthmaniya, akakulia Istanbul. Athens aliijia ukubwani, mwaka 1929, akitokea masomoni Paris, akapata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya wavulana wa familia zenye uwezo. Hapo ndipo alipoanza uongozaji: aliwachezesha wanafunzi wake komedia za Aristophanes.

Naona ugeni ulimfaa. Wasomi wa Ugiriki walikuwa wakiwaigiza waandishi wa kale kwa unyenyekevu wa ibadani. Koun aliwatafuta wakale hao penginepo: kwenye michezo ya vivuli ya Karagiozis, kwenye ngoma za vijijini, kwenye lahani za kanisani. Kundi lake la kwanza, Laiki Skini, aliloanzisha 1934 pamoja na mchoraji Yannis Tsarouchis, lilikufa mapema.

Theatro Technis ilizaliwa 1942, Athens ikiwa chini ya majeshi ya kigeni na njaa ikiwa imekwisha kuua maelfu. Walifungua na tamthilia ya Ibsen, Bata Mwitu. Baada ya vita wakaja waandishi wa Kimarekani. Mwaka 1949 Melina Mercouri alimwigiza Blanche katika mchezo maarufu wa Tennessee Williams. Sifa zilikuwapo, fedha hazikuwapo, na kundi likafunga milango. Lilirudi 1954 katika chumba cha chini ya ardhi, chini ya sinema ya Orfeas. Watazamaji waliketi kulizunguka jukwaa, hivyo mwigizaji hakuwa na pa kujificha: akimpa huyu uso, yule anamwona kisogo, na kisogo nacho lazima kiigize.

Kisha Agosti 1959, uwanja wa kale wa Herodes Atticus, chini ya Akropoli. Mchezo ni Ndege wa Aristophanes, muziki wa Manos Hadjidakis, maleba ya Tsarouchis. Ilipofika sehemu ya kutoa sadaka, kuhani akaanza kuimba kwa lahani ya kasisi wa Kiorthodoksi. Watu wakazomea. Waziri Konstantinos Tsatsos akapiga marufuku maonyesho yaliyobaki, akidai dini imetukanwa.

Waliokasirika walikuwa na sababu zao, lakini Aristophanes mwenyewe aliwakejeli miungu na makuhani wa mji wake, mbele ya watu waliowaabudu. Kuhani wa Zeus asingemuudhi Mgiriki yeyote wa 1959, wala asingemchekesha. Koun aliwapa watazamaji kuhani wanayemjua, na bila hilo kejeli ingebaki maktabani.

Paris haikuwa na kinyongo hicho: mwaka 1962 Ndege ilipata tuzo ya kwanza katika tamasha la Thieta ya Mataifa. London iliiona Waajemi ya Aeschylus mwaka 1965, kwaya ikihema na kunguruma kwa muziki wa Jani Christou, na miaka miwili baadaye Koun aliongoza Romeo na Juliet huko Stratford.

Nyumbani, uwanja wa kale wa Epidaurus ulikuwa umehodhiwa na Thieta ya Taifa. Ulimfungukia mwaka 1975, baada ya utawala wa kijeshi kuanguka, na alichopeleka ni Ndege wale wale. Mwaka huo huo Tsatsos alishika urais wa nchi. Koun aliendelea kuongoza na kufundisha waigizaji vijana katika shule ya kundi lake, hadi alipofariki Athens Februari 1987.