Witu: Nchi Iliyogombewa, na Asili Yetu



Kila tukutanapo, vijana wetu waliozaliwa Maskati, London na Toronto huniuliza: "Babu, Witu ndiko wapi?" Safari hii nimeonelea nijibu kwa maandishi, maana umri umekwenda.

Witu ni mji wa bara, kusini-magharibi ya Lamu, juu kidogo ya Kipini. Leo umo katika Kaunti ya Lamu, nchini Kenya. Ardhi yake ina rutuba, na kandokando yake ni msitu. Msitu huo ndio uliokuwa ngome yake.

Katika miaka ya 1860 Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa nasaba ya Wanabahani wa Pate, alizikimbia nguvu za Sultani wa Zanzibar akaweka makao yake hapo. Waliomfuata hawakuwa Wapate peke yao. Walikuja pia watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, wakapewa hifadhi, wakalima, wakashika silaha.

Sultani Barghash alidai nchi ile ni yake, Simba akakataa. Mwaka 1885 Simba alipata ulinzi wa Wajerumani, kwa njia ya ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuwa mwambao wa Sultani ukome Kipini. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliiacha Witu na kukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Wenyeji hawakuulizwa. Septemba mwaka huo, katika utawala wa Fumo Bakari, Wajerumani kadhaa waliuawa Witu. Oktoba, majeshi ya Uingereza chini ya Admirali Fremantle yakauteketeza mji.

Marehemu bibi yangu alinisimulia kuwa mama yake, akiwa mtoto mchanga, alitolewa katika moto ule kwa mbeleko. Aliyembeba alikuwa mtoro, aliyetembea usiku kucha, siku baada ya siku, kutoka mashamba ya Malindi.

Katika shajara yetu ya nasaba mama huyo hayumo. Tumeandika "mke, mtu wa Pate", tukapita. Bibi alinitajia jina lake, nami nimemkabidhi mwandishi wa shajara alitie mahali pake. Najua wako miongoni mwetu watakaoona haya, na nawaheshimu. Lakini wakubwa waliitaka Witu kwa ajili ya bandari na biashara. Yeye aliitaka ili wanawe wazaliwe huru. Sisi sote tumetokana na uhuru huo. Kumficha ni kumnyima haki yake mara ya pili.

Wabillahi tawfiq.