Kukata akriliki bila kuipasua: angalia meno ya msumeno kwanza

Akriliki ni ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, mafundi wengi huiita perspeksi. Kwa mfugaji anayejitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga, inafaa sana kwa dirisha: ni nyepesi, na haivunjiki kirahisi kama kioo. Kazi ipo kwenye kuikata. Ukiharibu kona ya mwisho, na wewe uko Mlandizi au Maneromango, ni nauli nyingine ya kurudi Kariakoo.

Maadui wake ni wawili, joto na mtetemo. Akriliki hulainika ikifika nyuzi joto 100 hivi, ndiyo maana grenda haifai. Diski inazunguka kwa kasi, plastiki inayeyuka na kuganda tena, unabaki na ukingo wenye mabonge na harufu kali. Najua grenda ndiyo iliyo karibu kwa fundi wa kuchomelea. Iache tu.

Kwa shiti ya milimita 2 au 3 huhitaji hata umeme. Chukua kipande cha bledi kuukuu ya msumeno wa chuma, kinoe ncha iwe kama kucha ya kuku, ukifunge kitambaa mahali pa kushikia. Weka rula ya chuma, kwaruza kwa kuvuta kuelekea kwako mara 8 hadi 10 bila kukandamiza sana, mpaka mfereji ufike kama theluthi ya unene. Laza mstari sawa na ukingo wa meza, mfereji ukitazama juu, bana kwa ubao, halafu bonyeza kwa mara moja. Ukisitasita, ufa hukimbilia pembeni. Njia hii ni ya mstari ulionyooka tu.

Mkato wa kona au wa mviringo unataka msumeno. Kwa msumeno wa chuma wa mkono, soma namba kwenye bledi: 24 ina maana meno 24 kwa inchi, na hiyo inafaa kwa milimita 3, maana meno matatu hivi yanakuwa ndani ya shiti kwa wakati mmoja. Meno makubwa hung'ata na kupasua. Shiti nene ipeleke kwa seremala mwenye msumeno wa meza, umuulize kama ana bledi ya meno 60 hadi 80 yenye ncha za kabaidi. Ya kupasulia mbao, yenye meno machache, ikatae. Karatasi ya juu usiibandue kabla ya kumaliza, na vaa miwani.

Ukitoboa, weka ubao chini. Tundu liwe kubwa kuliko skrubu, kwa sababu akriliki ya urefu wa mita 1 hutanuka kama milimita 1.4 joto likipanda nyuzi 20, na mashine ya vifaranga ni ya joto mchana na usiku. Ukingo lainisha kwa tupa, kisha msasa wa maji. Kusafisha ni kwa maji na sabuni. Spiriti au petroli huleta nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na hizo hazifutiki.