Gari lililofichwa chini ya majani makavu

Huko Ulaya kuna watu ambao leo wanatoa akiba ya miaka mingi kununua gari lenye umri kuliko baba yao. Si gari la kwenda kazini wala la kubeba magunia ya soko. Ni gari lililotengenezwa kabla ya vita kuu ya 1939 hadi 1945, na kwa Ufaransa na Ubelgiji moja linalotafutwa sana ni Citroën Traction Avant: jeusi, refu, limekaa chini karibu na barabara, na taa zake mbili kubwa zimesimama mbele kama macho ya bundi. Anayelinunua kwa mara ya kwanza hudhani ananunua chuma. Ananunua pia habari za watu waliokimbia, na familia iliyowahi kufunga mizigo usiku itazielewa haraka kuliko yeye.

Gari hilo lilitoka mwaka wa 1934 katika kiwanda cha Javel, Paris. Magari mengi ya wakati ule yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Hili lilivutwa na ya mbele, na ndiyo maana ya jina lake. Halikuwa na shasi ya peke yake chini ya bodi. Bodi yenyewe ya chuma ndiyo ilibeba uzito wote. Freni zilikuwa za mafuta, si za waya. Mhandisi alikuwa André Lefebvre, na umbo lilitoka mikononi mwa Flaminio Bertoni, Mwitaliano aliyejua pia kuchonga sanamu.

Mwenye kiwanda, André Citroën, alikuwa na haraka na madeni. Jina lake lilikuwa limekwisha kupita Kongo: mwaka wa 1924 na 1925 msafara wa magari yake manane yenye mikanda ya mpira nyuma ulitoka Algeria, ukapita Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, ukaendelea hadi Kampala, na huko ukagawanyika mara nne kuelekea bahari. Picha zake zilimletea sifa nyingi. Sifa hazikulipa deni. Desemba 1934 kampuni ilianguka, ikachukuliwa na Michelin, watu wa mipira ya magurudumu. Julai 1935 Citroën alikufa.

Haraka ile bado inamgharimu mnunuzi wa leo. Mwanzoni gari lilitakiwa kuwa na sanduku la gia linalojibadili lenyewe. Majaribio yalishindikana karibu na siku ya kutoka, na wahandisi wakalazimika kutengeneza upesi sanduku la mkono lenye vitesi tatu, dogo kiasi cha kuingia palepale pa lile lililokataliwa. Likaingia, lakini likabaki dhaifu. Hadi leo fundi makanika mzee akimwona kijana anabadili gia kwa nguvu, humpiga kelele: ngoja, hesabu moja mbili, kisha ndipo uingize.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Siku chache tu, barabara za kwenda kusini zilijaa. Wabelgiji walitangulia, kisha watu wa kaskazini ya Ufaransa, na mwezi wa Juni Paris nayo ikamwagika. Mamilioni ya watu walikuwa njiani. Wenye gari walifunga godoro juu ya paa, kwa kulalia na kwa matumaini kwamba lingezuia risasi za ndege, kwa sababu ndege zilifyatulia misafara ya raia. Bibi alikaa nyuma na vyombo vya kupikia, watoto wakapangwa juu ya mabunda ya nguo. Gari linaloweza kwenda kilometa mia moja kwa saa lilitembea mwendo wa ng'ombe, nyuma ya mkokoteni.

Kisha esansi ilikwisha. Hapo ndipo tofauti kati ya mwenye gari na mwenye baiskeli ilipokufa. Magari yaliachwa pembeni ya barabara na funguo ndani, na wenyewe wakaendelea kwa miguu wakichagua cha kubeba: picha za arusi au sufuria, hati za nyumba au blanketi. Maelfu ya watoto walipoteana na wazazi wao katika msongamano ule. Kwa miezi mingi magazeti yalichapa matangazo mafupi: jina la mtoto, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wajerumani waliingia Paris tarehe 14 Juni, na siku nane baadaye Ufaransa ikatia sahihi mkataba wa kuacha kupigana.

Waliorudi nyumbani na gari lao hawakuwa wamepona bado. Jeshi la Ujerumani lilipenda Traction na likazichukua nyingi. Esansi iligawiwa kwa vipimo, na bila kibali mtu hakuruhusiwa kuendesha. Wengine walifunga nyuma ya gari mtambo wa kuchoma makaa ya kuni ili moshi wake uendeshe injini. Wengine walificha. Waling'oa magurudumu wakayazika mahali pengine, wakaweka gari juu ya magogo ndani ya banda la shamba, wakalifunika majani makavu ya ng'ombe. Askari akikuta gari lisilo na magurudumu, huenda akaliacha. Kampuni yenyewe ilikuwa na siri yake: gari dogo la wakulima ambalo lilikuwa karibu kutoka mwaka wa 1939 lilifichwa Wajerumani wasilione, na matatu ya majaribio yale yalikutwa darini, La Ferté-Vidame, katika miaka ya 1990.

Mpira wa magurudumu nao una upande wake ambao wauzaji wa magari ya zamani hawautaji. Japani ilipoteka mashamba ya mpira ya Asia mwaka wa 1942, mataifa yaliyopigana na Ujerumani yalikosa mpira. Serikali ya Wabelgiji katika Kongo iliwarudisha wanavijiji msituni kukusanya mpira wa porini, kazi ambayo babu zao waliikumbuka kwa machozi tangu zama za Leopold. Mwaka huohuo siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mkulima wa Kongo hakuwa na gari la kuficha, na vita ilimfikia vilevile.

Sasa mnunuzi wa leo. Kabla ya kuuliza bei, alale chini na taa ya mkononi. Kwa kuwa bodi ndiyo shasi, kutu katika mbavu za chini, zile ndefu chini ya milango, si uchafu wa kupakwa rangi. Ni mfupa uliooza. Rangi mpya inayong'aa juu ya mbavu zilizooza ni udanganyifu, na ndio unaowapata wengi wa mara ya kwanza. Viungo vya kuzungusha magurudumu ya mbele huchakaa. Gari likigonga kwa sauti linapokata kona, dawa ni pesa. Umeme ni wa volti 6, kwa hiyo taa ni hafifu na asitegemee safari ya usiku.

Aangalie pia mwaka. Traction zilitengenezwa hadi 1957, zaidi ya 700,000 kwa jumla, na macho pekee hayatoshi kutofautisha ya 1938 na ya 1948. Yenye sanduku kubwa la mizigo lililovimba nyuma ni ya kuanzia 1952. Kwa mengine, namba iliyogongwa kwenye chuma isomwe pamoja na karatasi.

Karatasi ndizo jambo gumu. Gari lililokaa miaka bandani mara nyingi halina karatasi, au karatasi zina jina la mtu ambaye hakurudi. Familia za Wayahudi ziliporwa nyumba, maduka na magari, na wengi wao waliuawa kambini. Mnunuzi mwenye haya atafuatilia jina lililo kwenye karatasi ya zamani kabla ya kuandikisha lake, hata kama sheria haimlazimishi na muuzaji ana haraka.

Akishalipa, asiliwashe siku hiyo. Amwage mafuta ya zamani, atie mapya, atoe plagi, kisha azungushe injini polepole kwa manivela hadi mafuta yapande. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ya 1938 ikirudi nyuma kwa ghafula, inavunja gumba.