UZI: Mshahara wa bosi, nani huupitisha?

Kila mjadala wa siasa ukifika kwa kampuni zinazopata hasara, lazima mtu aulize: na huyo mkurugenzi mkuu bado analipwa mamilioni? Nani alikubali? Nasoma sayansi ya siasa, na hili swali lina historia tamu. Tuanzie Uingereza, kwa sababu sheria yetu ya kampuni ilikopa sana huko.

2002, Uingereza iliamuru kampuni za soko la hisa zichapishe ripoti ya malipo ya wakurugenzi na wanahisa waipigie kura kila mwaka. Kura ya ushauri tu. Kelele za chura, si ndio?

Mei 2003, wanahisa wa GlaxoSmithKline, kampuni ya dawa, wakaikataa ripoti kwa asilimia 50.72. Kilichowaudhi ni mkataba wa bosi wao, Jean-Pierre Garnier: akifutwa kazi, angeondoka na kitita kilichokadiriwa kuwa pauni milioni 22. Yaani unaboronga halafu unatajirika! Sheria haikuilazimisha kampuni kufanya lolote, lakini aibu ilitosha. Muda wa notisi kwenye mikataba ya wakubwa ukashushwa kutoka miaka miwili hadi mmoja.

Aibu haitoshi kila mara, though. Tangu 2013 sera ya malipo hupigiwa kura yenye nguvu ya sheria, angalau kila miaka mitatu, lakini ripoti ya pesa iliyokwisha kulipwa ikabaki ushauri. Ndiyo maana 2016, karibu asilimia 59 ya kura za BP zilipinga malipo ya Bob Dudley, kama dola milioni 20 kwa mwaka wa hasara ya mabilioni, na malipo yakasimama vilevile. Yalipunguzwa mwaka uliofuata, kwa asilimia 40 hivi.

Kwetu, Sheria ya Kampuni ya 2015 pia inapeleka ripoti hiyo kwa wanahisa. Iko kwenye ajenda ya mkutano mkuu, ila miaka mingi maswali moto yalikuwa ya lunch na mwavuli. Siwacheki. Kwa mwenye hisa mia, mwavuli ulishinda gawio.

Lakini walioitikisa Glaxo hawakuwa wenye hisa mia. Ni mifuko ya pensheni na kampuni za bima. Hapa NSSF ina hisa kwenye kampuni kadhaa za NSE, kwa pesa inayokatwa kwa payslip yako. Mimi ningependa kuona ilivyopiga kura.

Na kama una hisa zako mwenyewe, fomu ya wakala huja na notisi ya mkutano. Kwa kawaida irudishwe saa 48 kabla.