Swali la nyongeza: Tarbaj, Wagalla na lugha ya kumhoji Waziri

MSOMAJI wangu, kuna kitenzi kimoja ambacho kimetumikishwa mno katika Bunge la Kenya tangu tujipatie uhuru: kufahamu. Mbunge alipotaka kumhoji Waziri, swali lake aghalabu lilifumwa kwa namna moja. Je, Waziri anafahamu kwamba jambo fulani limetokea mahali fulani. Na kama anafahamu, ana mpango gani? Waziri, au Waziri Msaidizi wake, aliinuka, akaomba kujibu, kisha akasema anafahamu au hafahamu. Wanafunzi wangu wakiisoma Hansadi kwa mara ya kwanza hucheka. Ati Waziri mzima anaulizwa kama ana habari!

Muundo huo haukuwa pambo. Waziri akisema "nafahamu", amejifunga. Hawezi kudai kesho kwamba hakuambiwa. Akisema "sifahamu", amekiri mbele ya taifa kwamba maafisa wake wa mashinani hawampi habari, au wanampa naye anazikalia. Kwa vyovyote vile, neno lake limeandikwa katika Taarifa Rasmi, nayo haifutiki kwa urahisi.

Leo nataka kuufuata muundo huu hadi Tarbaj, kaskazini mwa mji wa Wajir, katika barabara inayoelekea Kutulo, Elwak na hatimaye Mandera. Nimechagua huko kwa sababu moja. Mkazi wa Nairobi akikasirishwa na Wizara ana magazeti, mahakama na barabara ya kuandamania. Mfugaji wa Tarbaj, kwa sehemu kubwa ya historia yetu, alikuwa na mbunge wake tu na swali lake.

Desturi yenyewe tuliirithi kwa Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza Agosti 1907 likiwa la walowezi na maafisa wa serikali, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuteuliwa hadi 1944. Ulipofika uhuru, kipindi cha maswali kilikuwa kimeshaota mizizi. Utaratibu ulikuwa huu: swali la msingi linawasilishwa kwa maandishi, linachapishwa katika ratiba ya shughuli za siku, Waziri anasoma jibu lililoandaliwa na makarani wake. Halafu ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mbunge ana haki ya kuuliza swali la nyongeza, na hilo halikuandaliwa na karani yeyote. Hapo ndipo Waziri alipojulikana kama anaijua Wizara yake au anajua kusoma tu. Wenzetu wa Tanzania wanazitumia istilahi hizo hizo mbili, swali la msingi na swali la nyongeza, na huko kipindi cha maswali na majibu kingali uhai wa kikao cha asubuhi.

Sasa hebu tuitazame Kaskazini Mashariki. Mwishoni mwa 1963, majuma machache tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vilimalizwa na makubaliano ya Arusha mnamo 1967, ila sheria za hatari hazikwenda navyo. Ziliendelea hadi 1991. Mwaka wa 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia wananchi wa eneo hilo kuishtaki serikali kwa yaliyotendwa na maafisa wake wakati wa vita hivyo. Mlango wa mahakama ukafungwa. Wa fedha ulikuwa umeshaegeshwa: Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba rasilimali za maendeleo zielekezwe kwanza kule zitakakozaa zaidi, yaani kwenye mvua na rutuba. Tarbaj haina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Ukiyaweka haya pamoja, utaelewa kwa nini swali la Bungeni lilikuwa na uzito huko kuliko kwingineko.

Lugha nayo? Mnamo Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliagiza kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Siku moja wabunge walikuwa wakirusha Kiingereza, siku iliyofuata wakawa wanatafuta maneno. Waliohangaika hawakuwa wa Kaskazini peke yao. Mabingwa wengi wa Kiingereza kutoka kote nchini walijikuta wakigugumia. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo mbunge alisoma tarakimu za bajeti katika lugha moja na kuzihoji katika nyingine. Mwaka wa 1979 Kiingereza kikarejeshwa kando ya Kiswahili, na Katiba ya 2010 ikaongeza Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa Msomali wa Wajir, zote zilikuwa lugha za kujifunza. Mpiga kura wake alieleza shida kwa Kisomali, mbunge akaisafirisha hadi Kiswahili au Kiingereza cha Bunge, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Kila kituo kilikuwa na ushuru wake.

Ni katika kipindi hicho cha Kiswahili ambapo kitenzi cha pili kilipata umaarufu: kuthibitisha. Mbunge akitoa tuhuma, upande wa serikali huinuka kwa hoja ya nidhamu: je, mheshimiwa anaweza kuthibitisha? Ghafla aliyekuja kuuliza anageuzwa wa kuulizwa. Mnamo Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika John Marie Seroney aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Baada ya hapo kila mbunge aliyetaka kuuliza swali gumu alijua bei yake.

Hiyo ndiyo hewa iliyokuwamo Februari 1984. Katika operesheni ya usalama wilayani Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na kuzuiliwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kwa siku kadhaa, katika jua, bila maji. Wengi waliuawa. Hakuna mwandishi wa habari aliyekuwapo. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alikuwa miongoni mwa wachache waliowaokoa majeruhi na kuokota maiti.

Aliyelifikisha suala hilo Bungeni ni Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, aliyepata kuwa mwanahabari kabla ya kuingia siasa. Alilihoji mwaka huo huo wa 1984, chini ya utawala wa chama kimoja, Shikuku na Seroney wakiwa bado kumbukumbu mbichi. Jibu la serikali lilitolewa na Justus ole Tipis, Waziri wa Nchi katika Afisi ya Rais: waliokufa ni watu 57.

Nataka tutue hapa kidogo, kwa sababu watu wengi huisoma historia hii kama habari ya swali lililoshindwa. Mimi naisoma tofauti. Kabla ya Khalif kuuliza, idadi rasmi ya maiti za Wagalla haikuwako katika kumbukumbu za Bunge; tukio lenyewe lingeweza kukanwa. Baada ya jibu, serikali ilikuwa imeweka sahihi yake chini ya tarakimu. Tarakimu hiyo ilikuwa ndogo kupita kiasi, na manusura walijua hivyo siku hiyo hiyo. Lakini uongo wenye tarakimu una udhaifu ambao kimya hakina: unaweza kupimwa. Kila jina la marehemu lililoongezwa kwenye orodha ya familia baada ya jina la 57 lilikuwa ushahidi dhidi ya Waziri. Oktoba 2000, miaka 16 baadaye, serikali ilikiri Bungeni kwamba vikosi vyake vilikosea. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliikataa hesabu ya 57 na kusema kwamba waliokufa wanakaribia elfu moja. Khalif hakuishi kuisoma ripoti hiyo. Alifariki katika ajali ya ndege Busia, Januari 2003, wiki chache tu baada ya kuteuliwa Waziri.

Kutokana na hili nimejifunza kupima swali la mbunge kwa kigezo kimoja: je, linadai tarakimu, tarehe au jina? Tuchukue mfano wa kubuni. Kisima kimoja cha Tarbaj hakitoi maji kwa sababu jenereta imeharibika. Mbunge akiuliza kwa nini wananchi hawana maji, Waziri atazungumza kuhusu ukame hadi muda uishe, na kila atakalosema litakuwa kweli. Akiuliza jenereta iliharibika lini, ni shilingi ngapi zilizotengwa kuitengeneza mwaka huu wa fedha, na nani alipewa kandarasi, ukame hauwezi kumsaidia Waziri. Huko kwetu neno "kwa nini" hupendwa sana na wabunge, na mawaziri hulipenda zaidi.

Eneobunge la Tarbaj lenyewe ni changa. Lilimegwa kutoka Wajir Mashariki na kupata mbunge wake wa kwanza katika uchaguzi wa 2013. Mbunge huyo, Mohamed Elmi, ana historia ya kuvutia kwa mada yetu. Kuanzia 2008 alikuwa Waziri wa Ustawi wa Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame, wizara ambayo haikuwahi kuwapo kabla yake. Mtu wa Wajir akawa upande wa kujibu. Ugumu ulikuwa kwamba wizara yake haikumiliki barabara, wala shule, wala hospitali. Hizo zilikuwa na wizara zake. Hata hivyo ilituachia sera rasmi ya maeneo kame, Waraka wa Kikao Nambari 8 wa 2012, ambao kwa namna fulani ulikuwa jibu kwa ule wa 1965, umechelewa miaka 47.

Elmi aliporudi Bungeni 2013 akiwa mbunge wa Tarbaj, kiti alichowahi kujibia hakikuwapo tena. Katiba mpya iliwatoa mawaziri Bungeni. Kifungu cha 153 kinawataka wafike mbele ya kamati wanapoitwa na walipe Bunge ripoti kamili za mara kwa mara. Nia ilikuwa njema: Waziri awe mtaalamu, si mwanasiasa. Lakini swali likahamia kwenye karatasi. Mbunge aliomba taarifa, Wizara ikamwandikia mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti akaja kuisoma mbele ya wenzake. Ulipoulizwa swali la nyongeza, mwenyekiti maskini alisema atarudi kwa Waziri. Atajibuje yasiyo yake?

Athari zake zilionekana wazi suala la walimu lilipozuka. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir Mashariki. Januari 2020 wengine watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sitamlaumu mwalimu aliyeondoka, hata chembe. Ila aulizwe nani? Sera ya elimu ni ya Waziri wa Elimu. Walimu ni wa TSC, tume huru kikatiba. Usalama ni wa Waziri wa Usalama wa Ndani. Mtoto aliyeketi mbele ya ubao mtupu alikuwa na afisi tatu za kumjibu, na kila moja ilikuwa na haki ya kuelekeza kidole kwa nyingine.

Tangu 2023, kufuatia pendekezo la Rais mwishoni mwa 2022 na marekebisho ya Kanuni za Kudumu, mawaziri wameanza kufika tena kikaoni kujibu maswali ana kwa ana. Wapo wanaosema hatua hii inakiuka mpaka uliowekwa na Katiba. Mimi naona faida moja kubwa, nayo ni kwamba swali la nyongeza limefufuka.

Limefufuka na adui wake wa zamani. Msikilize Waziri anapoulizwa kuhusu barabara au maji ya Kaskazini: mradi utatekelezwa "fedha zikipatikana". Wanasarufi wenzangu, angalieni hiyo -ki-. Ni -ki- ya masharti, haiahidi lolote. Angesema "zitakapopatikana", angekuwa amekubali kwamba zitapatikana, na mbunge angemwuliza lini. Silabi moja imewaokoa mawaziri wengi kuliko mawakili.

Kifungu cha 204 cha Katiba hakikutumia -ki- hiyo. Kinaamrisha kwamba asilimia 0.5 ya mapato ya taifa iingizwe kila mwaka katika Hazina ya Usawazishaji, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Wajir ni miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa katika sera ya kwanza ya hazina hiyo. Muda wake ni miaka 20 tangu 2010, isipokuwa Bunge liurefushe. Yaani unakwisha 2030. Miaka mingi ya mwanzo ilipotea katika ucheleweshaji na kesi, na mnamo 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha mwongozo uliokuwa ukiiendesha.

Kwa hivyo, kama ningekuwa na kiti Bungeni Jumatano moja, Waziri wa Fedha akiwa mbele yangu, nisingemwuliza kama anafahamu. Ningemwuliza ni shilingi ngapi zilizopaswa kuingia katika hazina hiyo tangu 2010, ngapi zimeingia, ngapi zimefika Tarbaj, na tarehe gani.