Wabaptisti wa Burundi na Njia ya Kushuka Bujumbura

Kiriri, mtaa uliojengwa kwenye mteremko wa mashariki ya Bujumbura, mahali ambapo mtu huliona jiji lote na Ziwa Tanganyika chini yake, ulikuwa zamani za Wabelgiji makazi ya Wazungu, na jengo lake lililotawala mandhari lilikuwa la Wajesuiti: Chuo cha Roho Mtakatifu, shule ya sekondari iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuwasomesha pamoja Waafrika, Waasia na Wazungu, ambayo majengo yake leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Historia ya Wabaptisti wa nchi hiyo haikuanzia kwenye mteremko huo uliokaribiana na serikali. Ilianzia Musema, katika eneo la Kayanza kaskazini, kwenye nchi ya migomba na vilima, na ilichukua muda mrefu kushuka hadi mjini. Kuchelewa huko ndiko kulikowapa viongozi wake tabia waliyo nayo.

Wabaptisti ni Wakristo wasiobatiza watoto wachanga, kwa kuwa wanaona ubatizo ni tendo la mtu mwenye imani yake mwenyewe, naye huzamishwa mwili mzima katika ule ambao Waprotestanti wa Afrika Mashariki huuita ubatizo wa maji mengi. Jambo la pili, ambalo ni zito zaidi kwa mada hii, ni kwamba kila kusanyiko la mahali huhesabiwa kuwa kanisa kamili, lenye haki ya kumchagua mchungaji, wazee na mashemasi wake, bila askofu aliye juu yake. Waliouleta msimamo huo Burundi walikuwa watu wa Denmark, ambao kanisa lao la kwanza lilianzishwa Copenhagen mwaka 1839 kwa msaada wa Johann Gerhard Oncken na Julius Købner, likiongozwa na Peder Mønster, aliyefungwa gerezani mara kadhaa kwa sababu ya imani hiyo. Katika miaka ya 1840 serikali ya Denmark iliamuru watoto wa Wabaptisti wabatizwe kwa nguvu katika kanisa la Kilutheri la dola, na miongoni mwa makasisi waliokataa kuitekeleza amri hiyo alikuwemo Peter Christian Kierkegaard, kaka wa mwanafalsafa Søren Kierkegaard. Uhuru wa dini ulikuja na katiba ya mwaka 1849. Si ajabu kwamba watu wenye kumbukumbu hiyo walikuja Afrika wakiwa wachache, maskini kwa kulinganishwa na misheni kubwa, na wasiotarajia kupendelewa na dola.

Burundi waliyoikuta ilikuwa tayari na mgawanyo wake. Mapadre Weupe, yaani shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, walikuwa wamekita mizizi Muyaga na Mugera tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Waprotestanti wa kwanza, Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikifanya kazi Ngao kwenye mto Tana, miongoni mwa Wapokomo, waliingia mwaka 1911, lakini vita vya kwanza vya dunia viliwang'oa, na baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916 kazi yao ilibaki bila mwenyewe. Mkataba wa udhamini ambao Shirikisho la Mataifa liliwapa Wabelgiji uliwataka wawaruhusu wamisionari kutoka nchi zote wanachama, na Denmark, isiyoshiriki vita na iliyokuwa mwanachama, ilifaa kupokea nafasi iliyoachwa. Ndivyo mwaka 1928 Wabaptisti wa Denmark walivyoanza kazi Musema na baadaye Rubura. Kati ya mwaka 1934 na 1936 walifuatwa na Marafiki wa Kimarekani, wanaojulikana pia kama Wakweka, waliokaa Kibimba, na Wamethodisti Huru waliokaa Muyebe, pamoja na Waanglikana wa Buhiga na Matana. Na mwaka 1935 ukaundwa Umoja wa Misheni za Kiprotestanti, ambao kazi yake mojawapo ilikuwa kugawana maeneo ili misheni moja isijenge penye misheni nyingine. Mgawanyo huo ulizuia ugomvi, ingawa pia uliwafanya watu wawe Wabaptisti au Waanglikana kwa sababu ya kilima walichozaliwa kuliko kwa sababu ya mafundisho waliyoyachagua, jambo ambalo kwa Mbaptisti aliye mkweli ni kichekesho kidogo.

Kazi halisi ya kulijenga kanisa hilo haikufanywa na wamisionari, ambao walikuwa wachache mno kwa vilima vilivyotawanyika kiasi kile, bali na walimu wa dini, ambao kwa Kirundi huitwa abigisha: vijana waliojua kusoma na kuandika, waliopewa mafunzo mafupi kituoni, kisha wakatumwa kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa shule siku za wiki na kanisa siku ya Jumapili. Mwalimu wa dini alifundisha herufi, aliwaandaa watu kwa ubatizo, alizika wafu, alisuluhisha ndoa, na shamba lake mwenyewe ndilo lililomlisha zaidi kuliko posho aliyopata. Kutoka miongoni mwao ndipo walipopatikana wazee na hatimaye wachungaji, na kwa njia yao kazi ilivuka mpaka hadi Nyantanga, Rwanda, mwaka 1939. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao huhusishwa na daktari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, ulienea kwenye vituo vya Kiprotestanti vya Burundi pia, ukaleta desturi ya kuungama dhambi hadharani. Na kwa kuwa ndugu wa uamsho walijiona wana haki ya kumkemea yeyote, hata mmisionari, mamlaka ya watu wa kawaida kanisani yaliongezeka bila mtu kuandika kanuni.

Upande wa dola hali ilikuwa nyingine. Wabelgiji walitoa ruzuku ya shule kwa misheni walizoziita za kitaifa, maana yake za Kikatoliki, na Waprotestanti, waliohesabiwa kuwa wageni, hawakupata ruzuku hiyo hadi mwaka 1948. Miaka ishirini ya mwanzo ya Wabaptisti ilipita kabla mwanafunzi wao kupata ufadhili aliopata jirani yake Mkatoliki, na hapo ndipo umbali kati ya Musema na Kiriri unapoeleweka vizuri, kwa kuwa wasomi walioandaliwa kushika ofisi za nchi walipita kwenye shule za Kikatoliki, nao wasomi wa Kibaptisti walibaki walimu na wauguzi wa vijijini.

Mji wenyewe, uliojulikana kama Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962, haukuwa rahisi kwa kanisa la Kirundi. Waafrika waliwekwa bondeni, katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, na lugha ya mitaa hiyo ilikuwa Kiswahili, iliyoletwa na Wamanyema kutoka Kongo na wafanyabiashara wa pwani, kiasi kwamba katika Burundi kumwita mtu Mswahili ilikuwa karibu sawa na kumwita Mwislamu. Mwalimu wa dini aliyeshuka kutoka kilimani alijikuta mgeni katika mji mkuu wa nchi yake, akihubiri kwa Kirundi mahali ambapo soko liliongea lugha nyingine.

Kilichobadilisha uongozi kuliko chochote kingine ni sheria. Chama chochote kilichotambuliwa na serikali, likiwemo kanisa, kilitakiwa kuwa na mwakilishi wa kisheria, yaani mtu mmoja ambaye sahihi yake peke yake ndiyo inayotambulika kwenye hati za ardhi, akaunti za benki na barua za wizarani. Nafasi hiyo ilishikwa kwanza na wamisionari, na makanisa yalipojitegemea kuelekea uhuru ikapokelewa na Warundi ndani ya Umoja wa Makanisa ya Kibaptisti ya Burundi. Kwa imani ambayo kwayo kila kusanyiko ni kanisa kamili, huo ulikuwa mgeuko mkubwa: wachungaji wa vilima waliendelea kuchaguliwa na watu wao, lakini funguo za mali zilikuwa kwa mtu mmoja aliye karibu na ofisi za serikali, na dola ikawa imewapa Wabaptisti askofu bila kumvika joho.

Mauaji ya mwaka 1972 yaliwalenga Wahutu waliosoma, na kwa kuwa walimu, wauguzi na wachungaji wa Kiprotestanti walikuwa wengi katika tabaka hilo, makanisa yalipoteza watu waliochukua miongo kuandaliwa. Wengine walikimbilia Tanzania, ambako walipewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakajenga makanisa mapya na kulea watoto waliojua Kiswahili kuliko Kifaransa. Waliobaki nyumbani walikutana na utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, ambao katika miaka ya 1980 uliwafukuza wamisionari na kuzuia ibada za siku za kazi, hadi Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Septemba 1987 na kulegeza vikwazo hivyo. Kisha vikaja vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, ambapo mitaa ya Bujumbura iligawanyika kikabila, mtaa wa Kamenge ukabomolewa, na Wahutu kwa Watutsi wakapata maficho Buyenzi, kwa wale Waswahili ambao Wakristo wa vilimani walikuwa wakiwatazama kwa mashaka.

Wakimbizi wa 1972 waliporudi kwa wingi kuanzia mwaka 2008, walirudi na nyimbo na Biblia za Kiswahili, na lugha iliyokuwa alama ya Uislamu mjini ikawa lugha ya ibada ya Wakristo waliozaliwa Katumba. Serikali nayo ilitunga tarehe 31 Desemba 2014 sheria ya madhehebu ya dini inayodai dhehebu jipya la ndani liwe na waumini wasiopungua 300, na lile lenye chimbuko la nje 500, kabla ya kutambuliwa. Kwa hiyo kundi dogo linalotofautiana na viongozi wake, ambalo kwa desturi ya Kibaptisti lingeweza kujitenga na kuwa kanisa jingine kesho yake, hulazimika ama kubaki chini ya mwakilishi yuleyule wa kisheria ama kutafuta kwanza watu 300.